Eti "kompyuta ndiyo imefanya kazi, wewe ulikuwa umekaa tu"

Wakuu, natoka Ilazo hapa Dodoma sasa hivi, vumbi bado liko mdomoni, na nikinyamaza nitapasuka.

Yule mzee mnamjua. Wa ghorofa mbili, mwenye fimbo, anayepima kokoto kwa macho na kugombana na dereva wa lori. Mimi ndiye injinia wake, leo nimempelekea michoro: nguzo, boriti, ratiba ya nondo, yote. Kavaa miwani, kageuza karatasi juu chini, halafu mbele ya mafundi sita na mama ntilie anasema: "Kijana wangu, hapa kompyuta ndiyo imefanya kazi. Wewe ulikuwa umekaa tu. Nikulipe nini?"

UMEKAA TU! Nimekaa usiku 4 mpaka makalio yameota sugu!

Hizi programu za kukokotoa uimara wa jengo, ETABS, STAAD, sijui SAP2000, hakuna hata moja inayojua kwamba mzee anataka simtanki la lita 10,000 juu ya choo cha wageni. Hizo ni tani 10 za maji, usipoiambia haijui. Haijui pale chini ni udongo mweusi wa mbuga, mvua ikinyesha unavimba. Haijui tuko bonde la ufa, kwenye matetemeko. Boriti ya mita 6 ukiandika 6 mahali panapotaka milimita, inapokea bila kinyongo, inakuchorea nyumba ya sisimizi.

Na soda ikaagizwa. Moja. Akanywa yeye.

Aliyecheka zaidi ni fundi wa ringi, zile nondo nyembamba za kuzungushia nondo kubwa. Namwambia aziachanishe sentimita 15, anafunga 30, na bado ana meno ya kucheka. Mama ntilie naye: "Kweli mzee, hata mwanangu anayo kompyuta." Umekaa tu, wakuu. Umekaa tu!

Nondo Kumi na Mbili: Pole mkuu. Kwa hiyo umelipwa au umelipwa wali?

Kijana wa Kizota: Mleta mada, swali dogo. Uzito wa slabu uliuingiza kwa mkono? Maana programu inahesabu yenyewe uzito wa jengo. Ukiuongeza tena umebebesha mara mbili, mzee wa watu ananunua nondo za daraja.

Mleta mada: Hayo si ya kujadili hapa.

Nondo Kumi na Mbili: 😂😂😂 Jibu tumelipata.

Babu Mstaafu: Enzi zetu tulipiga hesabu kwa mkono na majengo yamesimama mpaka leo. Nyie umeme ukikatika, uinjinia nao unakatika.

Kijana wa Kizota: Shikamoo babu. Yamesimama kwa sababu mlimwaga zege kama mnafukia hazina.

Babu Mstaafu: Marahaba. Na hayajaanguka.

Fundi Ringi: Mimi ni fundi (sio yule). Injinia anakuja saiti dakika 5 na raba nyeupe, anapiga picha, anaondoka. Hapo nani amekaa?

Dada wa Nzuguni: Fundi usinichekeshe. Mifuko yangu 3 ya saruji imeenda wapi?

Fundi Ringi: Dada, nimesema sio yule.

Dada wa Nzuguni: Wote mnasemaga hivyohivyo.

Zabibu Kavu: Mnalilia saruji, Nkuhungu leo siku ya sita bomba halijatema hata tone. Nimeoga kwa kikombe cha chai.

Mama Wawili: Kwani Kisasa yanatoka? Yanakuja saa 9 usiku, yanakohoa mara mbili, yanaondoka. Ukishtuka ndoo ina upepo.

Mleta mada: Wakuu turudi kwenye mada. Mtu mzima ananiambia NILIKAA TU!

Zabibu Kavu: Sasa mkuu si ukae tu kwanza. Mama Wawili, huko kwenu dumu wanauza bei gani?

Mama Wawili: Usiulize. Na mwenye toroli anataka umbebee mwenyewe mpaka ndani.