Mjadala: Ukeketaji Longido na Monduli, usukani washike wasichana au malaigwanani?

Mwanzisha mada, Sakina
Wadau, utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulikuta wanawake waliokeketwa ni 8 katika kila 100 nchini Tanzania. Mkoa wetu wa Arusha ni 43. Miradi mingi huanzia kwa malaigwanani, yaani viongozi wa jadi wa Kimaasai, wasichana wanaitwa siku ya kuvaa fulana na kupiga picha. Nasema tugeuze: klabu za wasichana ziongoze, wazee waje kama waalikwa. Nipingeni.

Ole wa Monduli Juu
Dada, binti wa miaka 14 atamwambia nini baba yake mbele ya boma zima? Laigwanani akitamka mbele ya rika lake, kijana wa rika hilo anaoa asiyekeketwa bila kuchekwa. Kiini ni ndoa. Ukimwokoa likizo ya Desemba na hana mwoaji, atakatwa wiki ya harusi.

Mwanzisha mada
Matamko tumeyasikia, kaka. Yanatolewa mbele ya mkuu wa wilaya, na kina mama wanaopanga siku na kumwita ngariba hawapo hata mkutanoni.

Wakili wa Ngarenaro
Msisahau sheria inaishia wapi. Kifungu cha 169A cha Kanuni ya Adhabu kilikuja na sheria ya makosa ya kujamiiana ya 1998, nacho kinamlinda aliye chini ya miaka 18 tu. Adhabu ni kifungo cha miaka 5 hadi 15, au faini isiyozidi shilingi 300,000, au vyote viwili. Hiyo faini dume moja la mnadani linailipa. Vijiji vinakimbilia sheria ndogo: halmashauri ya kijiji inaandaa, mkutano mkuu unajadili, halmashauri ya wilaya inaidhinisha. Wengi huishia hatua ya pili wakaanza kutoza. Kibaya zaidi, mtu akishalipa faini ya kijiji anaona kesi imekwisha, polisi hawaambiwi. Sheria ndogo iseme wazi kwamba shauri linakwenda Dawati la Jinsia la polisi kwanza.

Mwalimu, Namanga
Mnagombea kiti, kazi inaharibikia kwenye kalenda. Kukeketa kunafuata likizo ya Desemba, kidonda kinapata wiki za kupona na hakuna mwalimu wa kuuliza. Klabu ikinyamaza Septemba ni pambo.

Wanaklabu wasizidi 25. Viongozi wapigiwe kura ya siri, la sivyo atateuliwa binti wa diwani. Wakutane siku za shule, Jumamosi kuna kuchota maji na kuchunga mbuzi. Oktoba mlezi aongee na kila mmoja faragha: likizo analala kwa nani, nani nyumbani atamtetea. Majibu yasiandikwe kwa majina kwenye daftari la klabu. Daftari likiokotwa, boma lote linajua nani kamtaja nani. Tumieni namba, majina awe nayo mlezi peke yake. Namba ya simu ya msaada kwa watoto, 116, waikariri, kupiga ni bure.

Na mpaka wa Kenya je? Sheria ya Kenya ya 2011 inamlinda hata mtu mzima, ya kwetu hapana. Familia zinajua tofauti hiyo kuliko baadhi yetu.

Ole wa Monduli Juu
Mwalimu, nakubali kalenda. Ila shule zilipobanwa, wengine wamehamishia wembe kwa vichanga. Kichanga ana klabu gani?

Mwanzisha mada
Hapo umenibana. Lakini hata laigwanani hajui kinachofanyika chumba cha mama aliyejifungua.

Muuguzi, Longido
Anayejua ni bibi na mkunga wa jadi, na hao hakuna aliyewataja tangu juu. Mtoto huja chanjo wiki ya 6, 10 na 14, kisha surua miezi 9. Kuna wanaotaka muuguzi akague na kuripoti kila mara. Mkifanya hivyo kienyeji, kina mama wataacha kuleta watoto, na surua haisubiri mjadala. Anzeni mapema: mimba ikiwa miezi 7 au 8, mwambieni mama aje na mama mkwe wake, wote wawili waelezwe sheria na madhara kabla mtoto hajazaliwa.

Ole wa Monduli Juu
Mkwe hatakuja kliniki akiitwa na nesi. Akiambiwa na mumewe, atakuja.

Mwanzisha mada
Basi laigwanani kazi yake ya kwanza iwe hiyo, tamko baadaye.