Naomba ushauri: wimbo wangu wa kuiacha njia na kuingia ofisini unasikika kama malalamiko

Karani wa Nyuzi aliandika:

Ndugu zangu wanajukwaa, salamu kwenu nyote. Kwa miaka 9 nilikuwa mpiga gitaa wa kuzunguka, nikilala nilipofikia na kuondoka nilipochoka, na kwa miezi 14 sasa nimekuwa karani wa hesabu katika ofisi ambayo sina haja ya kuitaja, kwa kuwa haijanikosea lolote. Nimefungua uzi huu kwa sababu nyuzi nyingine, zile 6 za gitaa, zimenishinda.

Ninatunga wimbo wa huzuni juu ya badiliko hilo, kwa mtindo wa nyimbo za watu ambazo mwimbaji mmoja huziimba na chombo kimoja: beti fupi, kiitikio kimoja, bila mapambo. Nimechagua mistari ya mizani 8, mitatu ya kwanza ikiwa na kina kimoja na wa nne ukishika bahari ya "za", yaani kina kinachorudi mwishoni mwa kila ubeti, kama katika utenzi. Beti mbili za kwanza ni hizi:

Nilikuwa na safari,
bila saa, bila dari,
upepo ndio habari,
njia ikaniongoza.

Wakaja wenye barua,
kiti wamekichagua,
dirisha halina jua,
na kamba wakaikaza.

Kamba ninayoisema ni ile ya kitambulisho, inayovaliwa shingoni. Ubeti wa tatu unauliza uhuru wangu umekwenda wapi. Kiitikio kinasema: "Ewe njia, ewe njia, mbona umenikimbia?" Kuhusu sauti, kila mstari unaanza kwenye noti ya mi na kushuka polepole hadi noti ya la, katika beti zote.

Nina shida mbili. Kwanza, kila niliyemwimbia anasema wimbo unasikika kama barua ya malalamiko, na mke wangu alinimaliza kabisa aliposema kwamba anamwonea huruma bosi. Pili, ubeti wa mwisho hauji. Nimeandika saba na kuzifuta zote, kwa sababu karibu zote zinaishia na mtu anayeitupa kamba na kurudi barabarani, nami sijarudi, wala sina mpango wa kurudi. Naomba mnisaidie.

Mghani Mkongwe alijibu:

Ndugu Karani, nimeusoma ubeti wa pili mara kadhaa huku nikihesabu watendaji wake. Waliokuja ni wao, waliochagua kiti ni wao, waliokaza kamba ni wao, na wewe humo ndani ni mzigo uliobebwa tu. Mkeo amesikia sawasawa. Msikilizaji akionyeshwa mkosaji mmoja na mwonewa mmoja, huanza kujiuliza kama mkosaji naye angekuwa na la kusema, na hapo huruma inahama.

Lugha yetu imekupa dawa ya bei nafuu kuliko zote, nayo ni silabi moja. Ondoa kiambishi "wa" utie "ni", mstari wa kwanza ukibadilika kidogo zaidi, na mizani haitapungua wala kuzidi:

Nikaisoma barua,
kiti nikakichagua,
dirisha halina jua,
na kamba nikaikaza.

Mstari wa dirisha uache ulivyo, kwa kuwa dirisha halina hila na mtu. Lakini uimbe ule wa mwisho mbele ya kioo, mkono ukiwa shingoni, uone kama bado ni malalamiko. Aliyefungwa na wengine anaweza kupiga kelele. Aliyejifunga mwenyewe, tena kwa fundo zuri, sauti yake lazima ishuke, na huzuni unayoitafuta iko katika kushuka huko.

Ubeti wa tatu ufute bila kuuonea haya. Wimbo wa namna hii ukishalitaja neno "uhuru" unageuka kuwa hotuba. Ulipotuambia kwamba hukuwa na saa wala dari, ulikuwa umekwisha kusema yote.

Bahasha alijibu:

Samahani, mimi si mtunzi. Ningependa kuuliza tu wimbo huu utamwimbia nini mtu ambaye ameitafuta kamba hiyo ya shingoni kwa miaka mingi na hajaipata. Kuna wanaolilia kukaa kwenye hicho kiti kisicho na jua.

Mama Kinanda alijibu:

Mwanangu Karani, Mghani amekutengenezea maneno, basi mimi niiseme sauti, maana huko ndiko ninakokuona unalia kabla ya kufiwa. Ubeti wa kwanza unaeleza siku zako njema, halafu unauimba kwa kushuka kutoka mi hadi la kama watu wanaoshusha jeneza. Ubeti wa pili unapofika, ambapo hasara ndipo inapotokea, huna tena mahali pa kuteremkia.

Tumia sauti tano tu, yaani do, re, mi, sol na la, ukiziacha fa na ti. Nyimbo za watu wa pande nyingi za dunia zimejengwa juu ya tano hizo, na zina sifa moja ambayo mtunzi maskini wa vyombo anapaswa kuipenda: sauti ni zilezile, lakini ukizituliza kwenye do zinachangamka, na ukizituliza kwenye la zinakuwa na kiza. Huhitaji kubadili gitaa, wala ufunguo, wala nyuzi. Unabadili tu mahali pa kutua.

Kwa hiyo ubeti wa kwanza anza sol ya chini, panda hadi mi, cheza huko juu kama mtu asiye na deni, na kwenye "ikaniongoza" tua do. Ubeti wa pili uimbe kwa sauti hizohizo, karibu kwa mpangilio uleule, ila kwenye "nikaikaza" usisimame do. Ipite, uteremke hadi la, ukae hapo. Msikilizaji hatajua umemfanyia nini. Atahisi tu kwamba nyumba ni ileile na mtu mmoja ameondoka.

Na mwendo usiuvute. Nimefundisha kwaya muda mrefu, na kosa la kila mwenye huzuni ni kudhani kwamba polepole ndiyo huzuni. Mwanamuziki wa barabarani anaimba kwa mwendo wa miguu, na karani aliyekuwa wa barabarani bado anatikisa mguu chini ya meza kwa mwendo uleule. Huo mguu ndio ninaotaka kuusikia.

Fundi wa Sauti alijibu:

Nachomekea jambo dogo. Ikiwa ofisi yenu bado ina taa za mrija za zamani, zenye kile kifaa kizito cha chuma kinachovuma, basi umepewa mwenzako wa kuimba naye bila malipo. Umeme wa hezi 50, yaani mizunguko 50 kwa sekunde, huifanya taa hiyo ivume kwa hezi 100, kwa sababu chuma hutetemeka mara mbili katika kila mzunguko. Uzi wa sita wa gitaa, ule mnene kuliko wote, ukibanwa kwenye freti ya tatu, yaani kile kipande cha tatu cha chuma kwenye shingo ya gitaa, hutoa sauti ya hezi 98 hivi. Kwa sikio la kawaida taa na uzi huo vinakaribia kuwa kitu kimoja, isipokuwa taa iko juu kidogo, kiasi cha kukera. Mahali penye umeme wa hezi 60 hesabu hii haiwezi kukaa vizuri, kwani uvumi unaangukia katikati ya noti mbili.

Ningekuwa wewe, katika ubeti wa ofisi ningeiacha noti hiyo ya chini ivume bila kukoma wakati vidole vingine vinaendelea na wimbo, na katika ubeti wa kwanza nisiiguse kabisa.

Karani wa Nyuzi alijibu:

Mama Kinanda, shikamoo, na nyote nawashukuru. Taa zetu zinavuma kweli. Leo nilibaki peke yangu wakati wa mapumziko, nikaimba kwa sauti ya chini sana ile noti ya freti ya tatu, nikasikia sauti yangu na ya taa zikisuguana kama meno. Mwenzangu mmoja alirudi kuchukua simu yake, akanikuta nimeinua uso kuelekea darini nikiguna, akaondoka bila kuuliza.

Ndugu Bahasha, swali lako limenikaa rohoni kuliko ushauri wote, kwa hiyo nitalijibu kwa ukweli ambao sikuuweka mwanzoni. Hakuna aliyekuja na barua. Niliandika maombi mimi mwenyewe, nikayapeleka kwa mkono, na nilipopata jibu nililala saa 11 mfululizo. Mwaka wangu wa mwisho barabarani nilikuwa nimechoka kulala kwenye viti vya sebule za watu, nikisubiri wenye nyumba wazime taa ndipo nijinyooshe. Siku ya kwanza nilipovaa ile kamba niliishika mara nyingi kuhakikisha ipo. Niliyaficha haya kwa kuwa niliona yanaharibu wimbo.

Mghani Mkongwe alijibu:

Hayaharibu wimbo, ndugu yangu. Hayo ndiyo wimbo wenyewe, na nadhani Bahasha amepata jibu lake pia.

Sasa turudi kwenye kiitikio. Wewe unaiuliza njia kwa nini imekukimbia, na ukweli uliotuambia ni kwamba njia haikwenda popote. Hata hivyo nakusihi usikibadilishe mapema. Francis James Child, msomi wa Marekani, alikusanya nyimbo za masimulizi za Uingereza na Uskoti, 305 kwa jumla, zikachapishwa kati ya 1882 na 1898, na katika nyingi kati ya hizo utaona ufundi uleule: mstari unarudiwa ubeti baada ya ubeti bila kuguswa, mpaka sikio linasinzia, kisha neno moja linabadilika na hadithi nzima inapinduka. Wewe imba "mbona umenikimbia" mara mbili au tatu, kwa uchungu kamili, kama mtu anayeamini anachokisema. Mara ya mwisho imba:

Ewe njia, ewe njia,
mbona nimekukimbia?

Mizani ni 8 kama kwanza. Viambishi vimepishana tu, "u" na "ni" vikawa "ni" na "ku". Usikaze sauti hapo wala usitulie ili watu wasikie. Atakayesikia amesikia.

Nyayo alijibu:

Naafiki, na nina neno juu ya ule ubeti wa mwisho ambao mtu hurudi barabarani. Ulifanya vyema kuufuta, na si kwa sababu ni uongo kwako tu. Charles Lamb, mwandishi wa London, aliingia ukarani katika Kampuni ya Uingereza ya India Mashariki mwaka 1792 akiwa na umri wa miaka 17, akatoka 1825, baada ya miaka 33 ya vitabu vya hesabu. Alipoachiwa huru kwa pensheni, alimwandikia rafiki yake, mshairi Wordsworth, kwamba hali hiyo mpya imemlemea kwa jinsi isivyoeleweka, kama mtu aliyetoka katika uhai akaingia katika umilele. Mlango ulikuwa wazi, naye amesimama kizingitini akishangaa.

Maana yangu ni kwamba kurudi nako ni wimbo, lakini ni wimbo mwingine, na hauwezi kubanwa katika mistari minne ya mwisho. Hapa tuonyeshe kitu kimoja tu kilichobadilika mwilini mwako tangu uketi. Mwili hauwezi kulalamika kwa maneno, kwa hiyo hautakutia katika kosa la kwanza. Je, kuna kitu?

Karani wa Nyuzi alijibu:

Kipo. Kwa miaka ile 9 ncha za vidole vyangu vya mkono wa kushoto zilikuwa na sugu ngumu za nyuzi, ngumu kiasi kwamba niliweza kushika sufuria ya moto bila kitambaa. Mwezi wa nne ofisini zilianza kubambuka. Nilikuwa nazichuna chini ya meza kwenye vikao, vipande vidogo vya manjano kama maganda ya kitunguu, na siku moja nikagundua vimekwisha. Sasa nikipiga gitaa nusu saa vidole vinauma kama vya mwanafunzi.

Nimeandika ubeti jana usiku, na mara hii sikufuta:

Sugu zimeshanitoka,
kutu nyuzi zimeshika,
mshahara ukifika
nahesabu, nanyamaza.

Mke wangu ameusikiliza akiwa anakunja nguo. Hakumtaja bosi. Alisema nirudie tena, kisha akatoka nje kuanika kilichobaki.

Mama Kinanda alijibu:

Huo umekaa. Mstari wa nne usiuteremshe kwa mbwembwe. Tua kwenye la, kisha kiitikio, kisha acha nyuzi zinyamaze zenyewe, usizizime kwa kiganja.

Mghani Mkongwe alijibu:

Nina dosari moja ya kufunga kazi. Wengi watakaouimba wataumeza mstari wa tatu, kwa sababu katika "mshahara" ile "m" ya mwanzo ni mizani kamili, nao watairuka waanze moja kwa moja na "sha", na mstari utabaki na mizani 7. Ipe noti yake. Na kwa kuwa "m" haiimbwi ila midomo imefungwa, ishushe hadi kwenye ile noti ya Fundi wa Sauti, freti ya tatu ya uzi wa sita, uiache ivume kidogo pamoja na taa kabla hujafungua mdomo.