Naomba ushauri: nifundisheje jinsi gamba la ubongo (tabaka la nje la ubongo) linavyojengeka mtoto akiwa tumboni?

Ndugu wanachama, ninafundisha baiolojia kwa Kiswahili, na kuna jambo ambalo wanafunzi wangu hulipokea kwa mashaka kila ninapolieleza. Mwaka 1974 mwanasayansi wa ubongo Pasko Rakic alionyesha, kwa kutumia thaimidini yenye mnururisho (kijenzi cha DNA kinachoacha alama katika seli zinazozaliwa wakati huo) waliyodungwa tumbili wa rhesus wenye mimba, kwamba nyuroni (seli za neva) za sehemu ya gamba inayohusika na kuona huzaliwa kati ya takriban siku ya 40 na ya 100 ya ujauzito unaodumu siku zipatazo 165, na kwamba zile za mwanzo hukaa tabaka za chini ilhali zinazofuata huzipita na kukaa juu yake. Wanafunzi huuliza, na swali lao ni la haki: seli changa inapitaje katikati ya msongamano huo bila kupotea? Huwaeleza kwamba hupanda kwa kuambaa nyuzi ndefu za seli za glia (seli saidizi za ubongo), zinazotoka kwenye kuta za ventrikali, yaani vyumba vyenye maji ndani ya ubongo, hadi juu ya ubongo, lakini maneno matupu hayatoshi. Mfano wa ghorofa nimeuacha, kwa sababu fundi hapitishi matofali ndani ya vyumba vilivyokwisha kujengwa.

Naomba mwenye uzoefu anishauri kielelezo kinachofaa. Vilevile, je, nianze na mgawanyiko wa seli mama zinazozaa nyuroni, au na safari ya nyuroni? Naelekea kuanza na safari, kwa kuwa ndiyo inayowavutia, ila nahofia kwamba bila mgawanyiko wa seli mama hawataelewa kwa nini gamba letu ni pana mno kuliko la tumbili ilhali unene haukuzidi sana.