Fundi niliyemlipa anikagulie gari kumbe kala cha juu kwa dalali

Wakuu,

Nina hasira na sitaificha. Nimelipa milioni 8.3 kwa Toyota Spacio ambayo mwenye gari alikuwa anaiuza milioni 7.4. Ina ugonjwa ambao huyo mwenyewe aliutaja kwa mdomo wake, na aliyenificha ni fundi niliyemlipa 50,000 anikagulie.

Mimi ni mwalimu, naishi Goba. Mke wangu anauza matunda. Saa kumi alfajiri anapanda bodaboda kwenda soko la Mabibo, anarudi na matenga yamefungwa nyuma yake. Mwaka jana mwezi wa sita waliteleza kwenye mvua, akavunjika mkono. Tukasema basi. Mgao wa kikoba chake, akiba yangu ya miaka 3 na mkopo mdogo wa SACCOS vikafika milioni 8.5, hapo hakuna hata mia ya kuongeza.

Kuagiza Japani nilishapiga hesabu. Gari zilizo kwenye uwezo wangu ni za zamani, na gari ya zamani ikifika bandarini inakutana na ushuru wa forodha, ushuru wa bidhaa, VAT asilimia 18, na juu yake ushuru wa uchakavu. Hesabu iligoma, ikabidi nitafute ya mkononi mwa mtu.

Hapo ndipo unapokutana na biashara ya herufi za namba ya gari. Ukimuuliza dalali gari ikoje, anakujibu "namba D hiyo bosi." Namba D inakwambia gari iliandikishwa lini hapa Tanzania, basi. Haikwambii ilitengenezwa lini wala imetembea kiasi gani. Hii yangu imetengenezwa 2001, imesajiliwa hapa 2016, kwa hiyo ni namba D. Kuna namba B, zilizosajiliwa mapema zaidi, za mtu mmoja tangu zishuke melini, zinamwagwa oili kwa wakati, na bei yake iko chini kwa sababu ya herufi tu. Nilionyeshwa moja kama hiyo Tabata, Corolla 110, mzee mstaafu, daftari la sevisi analo. Niliiacha. Dalali aliniambia namba B nitakufa nayo, sitapata mtu wa kuinunua. Naiwaza kila siku ile Corolla.

Nikachagua Spacio new model kwa sababu viti vya nyuma vinalala, matenga yanaingia. Sikujua, na hakuna aliyeniambia, kwamba Spacio hizo zipo za injini mbili: 1NZ ya cc 1500 hivi na 1ZZ ya cc 1800 hivi. Hizi 1ZZ za mwanzo zina tatizo linalojulikana na kila fundi wa Toyota. Vitundu vya kurudishia oili kwenye pistoni ni vidogo, masizi yanaziba, ringi ya oili inaganda, oili inapanda juu na kuungua pamoja na petroli. Toyota wenyewe walikuja kubadilisha hizo pistoni baadaye. Fundi mwenye miaka 15 gereji anajua hilo akiona tu 1ZZ na mwaka 2001.

Na mimi nilienda na fundi mwenye miaka 15 gereji. Ndiye aliyekuwa anatengeneza pikipiki ya kaka yangu na gari ya mwalimu mkuu wetu. Tulifika saa nane mchana. Gari tuliikuta inaunguruma, dalali akasema ametoka kuiosha. Fundi akafungua boneti, akavuta akseleta mara mbili, akachomoa kijiti cha oili, akakifuta kwa kitambaa, akakirudisha. Akaniita pembeni, akaniwekea mkono begani. "Mwalimu, injini hii ni ya kwanza, haijaguswa. Usipoichukua leo, kesho huikuti."

Hakuchomoa plagi hata moja wala hakusema injini ipoe kwanza. Hakuniambia nigeuze ufunguo niangalie taa za dashibodi.

Wiki 2 za kwanza nilikuwa na raha. Wiki ya 3, asubuhi, mke wangu ameshakaa ndani, nikawasha, uani kukawa bluu. Jirani alitoka akidhani tunachoma takataka. Napima oili, kijiti kikavu. Nikaongeza lita, baada ya kilomita 600 ikaisha. Ile oili waliyoweka ilikuwa nzito kama asali, imechanganywa na dawa ya kuzuia moshi. Ilipoanza kuisha tu, moshi ukarudi.

Nikaenda kwa fundi mwingine, kijana wa Kimara. Akapima kompresheni, yaani mgandamizo ndani ya injini, iko sawa. Akasema hilo lisinipe moyo, ringi ya oili ikiganda kompresheni inaweza kusoma vizuri tu. Akachomoa plagi 4, akazipanga kwenye gazeti. Mbili kavu, rangi ya kahawia. Mbili zimelowa, nyeusi, nyuzi zake zina utelezi wa oili. Kisha akaniambia niweke ufunguo kwenye ON bila kuwasha. Ikawaka taa ya betri, ya oili, ya handbreki. Ya cheki injini haikuwaka. Gari isiyo na hitilafu huwasha taa hiyo kwanza, kisha taa inazimika injini ikishaunguruma. Akafungua dashibodi mbele yangu. Balbu zote zipo mahali pake na vumbi lake la miaka, tundu la cheki injini tupu. Mtu alikaa kitako, akafungua skrubu, akaing'oa ile balbu moja, akafunga. Tulipounganisha mashine ya kusoma hitilafu, sensa ya oksijeni imekufa kwa oili.

Lakini hilo siyo lililonifanya niandike.

Kadi ya gari bado ina jina la mwenye gari. Mkataba niliupewa na dalali tayari umesainiwa, nikaambiwa mwenyewe yuko Mwanza kikazi, na nafasi ya bei ikajazwa palepale mbele yangu. Hela niliingiza kwa dalali. Kosa langu hilo, nalibeba. Nikampigia mwenye gari juu ya kuhamisha umiliki, na juu ya faini 6 za trafiki za 30,000 kila moja nilizozikuta kwenye mfumo. Katikati ya maongezi nikamuuliza kwa upole, kaka, kwa nini hukuniambia inakula oili?

Akanyamaza. Kisha akasema, "Mbona nilimwambia dalali? Ndiyo maana niliiachia kwa milioni 7.4. Akanijibu mteja anajua, amekuja na fundi, na huyo fundi ni mtu wake wa siku nyingi."

Laki 9 iliishia katikati. Siku tunalipana niliona dalali na fundi wanaachana kwa kucheka, nikadhani ni uchangamfu wa biashara.

Dalali simlaumu sana, sikumuajiri mimi, kila mtu anajua anakula wapi. Na mwenye gari alisema ukweli wake, akashusha na bei. Ukweli ule ulitembea hatua mbili tu ukaliwa. Anayeniuma ni fundi. Mtu wa mshahara mdogo akinunua gari ya miaka 20 hana waranti wala hana yadi ya kuirudisha. Macho yake ni fundi tu. Nilimlipa macho, akayauza kwa yule niliyemwomba anilinde naye. Na wangapi mtaani wamekaguliwa namna hii, wakaambiwa injini ya kwanza, wakaenda kukopa?

Sasa hivi siendi popote na fundi anayefahamiana na dalali, hata salamu. Gari nitaikuta imelala, naweka kiganja kwenye boneti kwanza. Ikiwa ya moto, naondoka.

Wenye uzoefu naomba mnisaidie hapa. Kijana wa Kimara anasema kubadilisha ringi peke yake ni kutupa hela, ziwekwe pistoni za toleo la baadaye zenye vitundu vya kutosha. Mwingine anasema nitafute injini nzima ya 1NZ, nibadilishe na gearbox na waya zake. Kuna aliyefanya lipi, na lilidumu? Mke wangu amerudi kwenye bodaboda tangu Jumatatu, na ule mkono haujapona sawasawa.

Na wewe fundi, najua upo humu, ulinionyesha mwenyewe akaunti yako. Hiyo laki 9 malizaneni na dalali wako. 50,000 ya ukaguzi irudishe, maana gari hukuikagua. Namba yangu unayo.