Besdei ya 30 kwenye maporomoko ya Sanje, nani kashawahi kwenda na kundi?

binti_sinza
Habari zenu wadau. Mwezi wa saba natimiza 30 na kusema kweli nimechoka na yale ya kila mwaka, mnakodi meza, mziki unapigwa mpaka huwezi kuongea na mtu uliyemwalika mwenyewe, halafu bili ikija kila mtu anainamia simu. Safari hii nataka tutembee msituni na muongozaji, nimeona picha za Sanje kule milima ya Udzungwa nikasema ni hapa hapa. Tuko nane tunatokea Dar, wawili mazoezi yao ni ngazi za ofisini tu na lifti ikiwa nzima hata hizo hawapandi, na mmoja ana kama miezi mitatu tangu ajifungue. Wikiendi moja inatosha? Muongozaji ni lazima? Na keki inafikaje huko juu?

Mpanda_Vilima
Muongozaji ni lazima dada, ile ni hifadhi ya taifa na ndani hakuna barabara, kila kitu ni kwa miguu. Na wala usimuone kama gharama ya bure maana bila yeye mtapita chini ya mbega wekundu hamtawaona, yeye anasimama tu anawaambia sikilizeni, mara matawi yanaanza kucheza. Muulizeni pia habari za ngolaga, nyani wa Sanje, hapatikani kwingine duniani zaidi ya milima hiyo. Wataalamu wanasema aligunduliwa 1979, wenyeji sijui walikuwa wanamuitaje kabla hajagunduliwa 😂

Mzunguko wa Sanje mzima weka masaa manne, na kwa kundi lenye kupiga picha kama lenu (usibishe) ongeza. Maporomoko yameshuka kwa hatua tatu, jumla kama mita 170, ukiwa juu unaliona bonde lote la Kilombero na mashamba ya miwa yamenyooka mpaka macho yanaishia. Kuna sehemu ya kuogelea, maji baridi kweli kweli, beba nguo ya kubadilisha. Raba zenye meno chini, sendo za urembo ziache gesti. Na suruali ichomekwe kwenye soksi, siafu wakikukuta umesimama unapozi hawana habari na besdei yako.

kaka_wa_Moro
Kuhusu wikiendi, inatosha kama Ijumaa usiku mnalala Mang'ula, vinginevyo mtatembea mmechoka. Mkipanda treni ya SGR mpaka Moro mnaenda stendi ya Msamvu kuchukua gari za Ifakara, zinapita Mikumi, Kidatu, halafu Mang'ula. Kijiji cha Sanje mtakipita kabla lakini msishuke, makao makuu ya hifadhi yapo Mang'ula na taratibu ndo zinaanzia pale. Ila watu nane mimi ningekodi Noah au Kosta ndogo, mnachangishana, mnasimama mnapotaka. Mwezi wa saba ni mzuri, masika yameisha njia haitelezi sana na maji bado yapo.

Tukae_Mjini
Mbona mnajitesa jamani, msitu wa Pugu Kazimzumbwi upo hapo Kisarawe, mnatembea asubuhi, mnaona na mapango ya popo, saa tisa mko nyumbani mnakula pilau.

binti_sinza
@Tukae_Mjini nimekusikia ila nataka nilale nje ya Dar, nikirudi saa tisa mama mwenye nyumba ataniambia nifagie uwanja 😅. Sasa huyu shosti mwenye mtoto nimfanyeje? Kasema anakuja hata kwa kutambaa.

Nesi_Mstaafu
Mwanangu, huyo kwanza amuulize daktari wake, hasa kama alijifungua kwa upasuaji. Akiruhusiwa, msimpandishe Sanje kwa aibu ya kubaki peke yake. Pale pale makao makuu kuna njia fupi ya kwenda maporomoko ya Prince Bernhard, haifiki hata saa nzima, aende na wale wawili wa lifti na muongozaji wao, nyie wengine mpande, jioni mnakutana. Ombeni waongozaji wawili mapema, msisubiri siku hiyo getini.

Mpanda_Vilima
Mama kamaliza. Keki basi: usibebe ya krimu, kwa joto la bonde lile itafika uji. Agiza keki kavu ya ndizi au ya karoti, ikatwe huko huko nyumbani, ipangwe kwenye hotpoti, abebe mwenye mabega. Mishumaa na mziki ni gesti usiku, msituni hakuna kuwasha moto na spika mtawafukuza hao mbega mliowafuata. Maputo pia acha. Na mpige kofi mapema yule anayetaka kurushia ngedere keki, maana kila kundi linaye.

binti_sinza
Ninaye, na ndiye mwenye mabega 😭
Haya naanza kuchangisha leo, nani anajua Kosta ya bei nzuri aje inbox.