Albumini ikipungua, je, dawa ya sonona nayo ipunguzwe?

Binti wa Kisauni:
Assalamu alaikum. Mama yangu anatumia sertraline ya miligramu 50 kwa ajili ya sonona, na figo zake zinapoteza protini nyingi kwenye mkojo. Kipimo cha juzi kilionyesha albumini, ile protini kuu ya damu, ya gramu 22 kwa lita, ilhali kawaida huanzia 35 hivi. Kuna aliyemwambia kwamba dawa hiyo hushikwa na protini za damu kwa asilimia 98, kwa hivyo protini zikipungua itamzidi mwilini. Tangu hapo huikata tembe kwa wembe akameza nusu, na usingizi umeanza kumpaa tena. Je, hofu hiyo ina msingi?

Mfamasia wa Tudor:
Waalaikum salaam, dada. Asilimia hiyo ni sahihi, ila hesabu imeishia njiani. Dawa iliyoshikwa na protini ni kama abiria aliyemo ndani ya feri ya Likoni: hana shughuli atakayoifanya mjini mpaka ashuke. Ile asilimia 2 iliyo huru ndiyo inayopenya hadi ubongoni, na ndiyo hiyo hiyo ambayo ini huivunja. Albumini ikipungua, sehemu iliyo huru huongezeka kwanza, lakini ini nalo huvunja zaidi, hata kiwango cha dawa huru kikarudi karibu na kilipokuwa. Kinachoshuka ni jumla ya dawa katika damu. Isitoshe, dawa nyingi za sonona hushikwa pia na protini nyingine ya damu iitwayo glaikoprotini ya asidi ya alfa-1, si albumini peke yake. Kwa ugonjwa wa figo, kwa kawaida sertraline haipunguzwi. Lingekuwa ini, ningesema vingine. Tafadhali daktari wake ajulishwe mapema kuhusu hiyo nusu tembe.

Muuguzi wa Likoni:
Sisi tulifundishwa kwamba dawa hizi huisukuma warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda, kutoka kwenye protini, mgonjwa akatokwa na damu.

Mfamasia wa Tudor:
Hatari ya kutokwa na damu ipo kweli, na naiogopa kuliko hiyo albumini, lakini chanzo chake kikubwa ni kingine: sertraline huzuia chembe za kugandisha damu kujipatia serotonini, ambayo huzisaidia kushikana. Dada, mama anatumia dawa gani nyingine?

Binti wa Kisauni:
Warfarin hatumii, ila humeza aspirini kila asubuhi, na hakuna aliyewahi kutuuliza. Kesho nampeleka kwa daktari wake na dawa zote mkobani.