Tupeane uzoefu: mnaokaa Leicester East, jimbo lenu likoje?

Wakuu, habari zenu. Uchaguzi wa Julai 2024 chama cha Conservative walichapwa kila kona ya Uingereza, ila jimbo moja tu wao ndio waliokipokonya chama cha Labour: Leicester East. Nahamia huko kikazi. Wenyeji, watu wa huko wakoje?

Mkaazi_LE4: Karibu Belgrave. Siasa za huku zilianzia Kampala. Amin alipowafukuza Wahindi mwaka 1972, halmashauri ya Leicester ilitoa tangazo kwenye gazeti la Uganda Argus kuwasihi wasije. Wakaja! Wahindi wa Kenya walishatangulia. Jirani yangu, bibi wa Kigujarati mzaliwa wa Jinja, anadai kwao jina la Leicester walilijulia kwenye tangazo hilo. Nikikutana naye dukani Belgrave Road: "Hujambo kijana, mama mzima?" Kisha ananichagulia bamia, anavunja ncha moja moja, iliyokomaa anairudisha.

Binti_Mvita: Na wanapenda mtu wao. Keith Vaz wa Labour, mzaliwa wa Aden, alishinda ubunge 1987 akakaa hadi 2019. Alipoondoka, Labour wakaleta mgombea kutoka London, Claudia Webbe. Alipita, lakini ushindi wa kura zaidi ya 22,000 ukashuka hadi kama 6,000. Wahindu wengi walikuwa pia na hasira na azimio la Labour kuhusu Kashmir, eneo linalogombaniwa na India na Pakistan. 2024 wakaleta tena mtu wa London, huku Vaz na Webbe nao wakigombea kivyao. Shivani Raja wa Conservative, mtoto wa hapa hapa, akapita kwa tofauti ya kura 4,426. Wanaosema ni kura kugawanyika tu hawakukaa na akina mama wa mtaani kwetu.

Zamu_ya_Usiku: Mkuu, ukifika jiandikishe. Sisi wenye pasi za Tanzania, Kenya na Uganda, ukiwa na kibali cha kuishi, ubunge tunapiga kura, ni mambo ya Jumuiya ya Madola. Mimi nilitoka kazini ghalani moja kwa moja hadi kituoni, kinafunguliwa saa moja asubuhi. Wino wa kidole hamna, askari hamna, penseli imefungwa kwa kamba. Kitambulisho nilitoa pasi yangu ya Tanzania, wakaipokea bila neno.

Mwanzisha mada: Shukrani sana. Mwenzangu wa chumba ni Mnyarwanda, naye vipi?

Zamu_ya_Usiku: Rwanda wamo tangu 2009. Mrundi na Mkongo ndio hapana.